Aina ya kahawa haisomwi kwenye gunia

Wababa na wamama wa ushirika, nanyi wanunuzi mliovuka Ziwa Kivu kutoka Goma, karibuni Bukavu. Gunia limeandikwa "Bourbon tupu", yaani aina hiyo moja tu ya kahawa ya arabika. Utajuaje kama ni kweli?

Tuanzie mezani. Pima gramu 350 za kahawa mbichi, uzitandaze kwenye karatasi nyeusi karibu na dirisha. Robusta, jamii nyingine ya kahawa, hujulikana mapema: punje ni ya mviringo, mfuo wa katikati umenyooka; wa arabika umejipinda. Kisha tenga punje duara, zile zinazokua moja tu ndani ya tunda. Wengine huziuza kama aina ya pekee. Si aina! Kila mbuni huzizaa, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya mavuno.

Sasa umbo la punje za aina za arabika. Typica ni ndefu, ncha zake kama za mtumbwi. Bourbon ni fupi na nene zaidi. Lakini usiape kwa hilo, maana mvua, kivuli na mwinuko hubadilisha punje. Chekeche namba 18, yenye matundu ya milimita 7.1 hivi, hupima upana wa punje, haipimi ukoo. Maragogype na Pacamara hujitokeza kwa ukubwa wao; Bourbon na Catimor, aina chotara, zikichanganywa, jicho halizitenganishi.

Kwa hiyo panda mlimani, Kalehe au kisiwani Idjwi, ukauone mti wenyewe. Angalia majani machanga ya ncha: Bourbon huyatoa ya kijani, Typica ya rangi ya shaba. Rangi hiyo ya shaba peke yake haitoshi, kwa kuwa baadhi ya Catimor nazo zinayo. Ongeza matawi: ya Typica hulala karibu usawa, ya Bourbon huinuka. Halafu pima nafasi kati ya kifundo na kifundo cha tawi. Ikiwa ni fupi na mti umejikunja kama kichaka, hiyo ni aina fupi kama Caturra, Catuai au Catimor, hata mwenyewe aseme nini. Mti uliokatwa shina hudanganya umbo; subiri machipukizi yarefuke.

Kuchanganya kwenyewe hutokea zaidi kwenye kituo cha kuoshea. Wakulima wengi wana miti michache, na matunda yao yote hupita mashine moja. Omba daftari la mapokezi. Uliza: fungu lilichachushwa peke yake? Mashine ilisafishwa kabla? Meza ya kukaushia ina kibandiko? Jibu likiwa "hapana", andika kwenye mkataba "mchanganyiko, Bourbon kwa wingi", ulipe kulingana na ladha ya kikombe.

Na ukikuta ladha ya kiazi kibichi, usilaumu aina. Huo ni ubovu unaoambatana na mdudu antestia anayetoboa tunda, na punje moja yatosha kuharibu kikombe.

Bado mnabishana? Pelekeni majani ya kila mti yapimwe DNA, yaani vinasaba vyake. Kahawa iliyokaangwa msiipeleke: moto umeshaivunja DNA.