Vikosi vitatu, majirani sita: mhadhara kwa wachezaji wapya, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Wazee wangu, na nyinyi vijana, ahsanteni kwa kuja.

Mchezo wenyewe unaitwa Diplomacy. Aliubuni Mmarekani, Allan Calhamer, ukatoka mwaka 1959. Ramani ni ya Ulaya, mwaka unaoanzia ni 1901, wachezaji saba, kila mmoja na dola yake, na vituo 34, yaani sehemu za ramani zinazokupa vikosi. Wa kwanza kushika 18 kashinda. Hakuna dadu. Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, kisha zinasomwa zote pamoja. Kabla ya hapo watu huchukuana pembeni wakaahidiana, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutimiza ahadi.

Nyinyi wa Jaws Corner mmezoea bao, hesabu za watu wawili: nikila kete zako, hasara yako ni faida yangu. Huku kuna wa tatu. Urusi na Uturuki wakivutana, anayenenepa ni Austria.

Vikosi vyote, jeshi la nchi kavu au manowari, vina nguvu sawa. Kimoja kikivamia kimoja, hakuna kinachosogea. Kumtoa mtu kunataka kikosi cha pili kiunge mkono, na kinachounga mkono huku hakilindi kwengine. Basi shughuli yote iko hapo, maana unaanza na vikosi vitatu tu (Urusi peke yake ndiye mwenye vinne). Mgeni huviweka vyote nyumbani. Wenzake wakipata vituo wanaongeza vikosi, yeye yuko palepale.

Sasa vikienda mbele, nyumba analinda nani? Jirani. Lakini si kwa maneno yake! Tazameni Bahari Nyeusi: Uturuki ana manowari Ankara, Urusi anayo Sevastopol. Mastadi hupatana wote wawili waamuru kuingia bahari ileile msimu wa kwanza. Zinagongana, kila moja inabaki kwao, bahari inabaki tupu. Na asiyeandika amri hiyo kamwachia mwenzake bahari bure. Mimi mapatano ya namna hii ndiyo nayapenda, hayahitaji uaminifu hata chembe.

Venice na Trieste ni kazi zaidi, zimepakana mlango kwa mlango. Nikiwa Austria, Mtaliano akiniapia hatanigusa, natazama jeshi lake la Venice. Likielekea Piedmont, magharibi, mbali nami, tuna la kuzungumza. Likikaa, na manowari yangu haitoki Trieste.

Naam, kijana wa nyuma anauliza, lini umgeuke mwenzako? Si kwa kituo kimoja, mwanangu. Kituo kimoja kinakupa kikosi kimoja, na adui wa mchezo mzima. Mgeuke pale pigo moja litakapomwacha hana cha kukurudishia, na uangalie una vituo vingapi: ukikaribia 18, hata waliokuwa wakichinjana watapatana dhidi yako.

Haya, ubao uko mezani. Sita nishawapata. Austria bado hana mwenyewe.