Jinsi ya Kulinganisha Viambato vya Seramu Mbili za Kupunguza Makunyanzi

Karibuni, ndugu watazamaji. Katika video hii tutaweka pamoja seramu mbili za uso ambazo zote zinadai kupunguza makunyanzi, kisha tutazilinganisha kwa kusoma orodha za viambato vyake, si kwa kusoma maneno matamu yaliyochapishwa upande wa mbele. Orodha mtakazoziona kwenye skrini nimeziunda mwenyewe kwa ajili ya somo hili, na si za kampuni yoyote, ingawa zimefuata namna ambavyo seramu nyingi hutengenezwa. Ya kushoto tutaiita seramu ya kwanza, na ya kulia tutaiita seramu ya pili.

Hatua ya kwanza ni kuipata orodha kamili. Kwa kawaida huchapishwa kwenye kasha la nje kwa herufi ndogo sana, kwa hiyo msilitupe kasha kabla ya kulipiga picha, kwani mkiikuza picha hiyo kwenye simu mtasoma kwa urahisi kuliko kuikodolea macho chupa. Katika Umoja wa Ulaya na Marekani, na katika nchi nyingine nyingi zinazofuata utaratibu wa namna hiyo, viambato hupangwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi na kushuka hadi chenye uzito mdogo. Ndiyo maana seramu zetu zote mbili zinaanza na maji, ambayo kwenye lebo huandikwa Aqua. Maji kutangulia si dalili ya bidhaa hafifu, kwa sababu viambato vingi vinavyofanya kazi kwenye ngozi huhitaji kuyeyushwa kwanza.

Hata hivyo, utaratibu huo una mwanya mmoja ambao watengenezaji wanaufahamu vizuri: viambato vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote baada ya vile vilivyozidi kiwango hicho. Kwa hiyo kiambato cha kuvutia ambacho kimetiwa kwa kiasi kidogo mno kinaweza kusogezwa juu ya kingine ambacho ni kingi kuliko hicho, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Hatua ya pili, basi, ni kuutafuta mpaka wa asilimia 1. Haujachorwa popote, lakini kipo kiambato kinachotusaidia kuukisia, nacho ni kihifadhi kiitwacho fenoksiethanoli. Kwenye lebo sauti ya mwanzo ya jina hilo huandikwa kwa herufi mbili, P na H, kwa hiyo msiitafute kwenye herufi F. Kanuni za Umoja wa Ulaya haziruhusu kihifadhi hicho kizidi asilimia 1 ya bidhaa, na kwa hiyo kila kilichoandikwa baada yake nacho hakizidi asilimia 1. Zingatieni kwamba mpaka huu unatueleza habari za upande mmoja tu: kilichoandikwa kabla ya fenoksiethanoli kinaweza kuwa zaidi ya asilimia 1, lakini pia kinaweza kuwa chini yake, kwa sababu ya ule mwanya tulioutaja.

Tuiangalie sasa seramu ya kwanza. Inaanza na maji, gliserini, niasinamidi ambayo ni aina ya vitamini B3, propanedioli na mafuta mepesi. Inafuata fenoksiethanoli, halafu retinoli ambayo ni aina ya vitamini A, sodiamu hailuroneti, kizitishi na vitamini E. Seramu ya pili ina maji, alkoholi, gliserini, butilini glaikoli, sodiamu askobili fosfeti ambayo ni aina ya vitamini C, na manukato. Inafuata fenoksiethanoli, halafu peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, iitwayo palmitoili pentapeptidi-4, retinili palmiteti ambayo nayo ni aina ya vitamini A, limonini, linaloli na rangi. Simamisheni video hapa mkihitaji kuzisoma tena.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji utulivu kuliko zote. Wengi wakishaujua mpaka wa asilimia 1 hukimbilia kusema kwamba kila kilicho chini yake ni pambo tu. Hilo si kweli, kwa kuwa kila kiambato kina kipimo chake cha kufanya kazi. Retinoli katika seramu ya kwanza ipo chini ya mpaka, na hapo ndipo inapostahili kuwa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayoweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa vitamini A katika bidhaa za uso zinazoachwa kwenye ngozi, na hata katika nchi ambazo hazina kikomo hicho ni nadra bidhaa ya kawaida kuvuka asilimia 1. Orodha inayotaja retinoli katika nafasi ya pili ingenitia shaka zaidi kuliko hii.

Peptidi nazo hutumika kwa kiasi kidogo zaidi. Palmitoili pentapeptidi-4 imewahi kujaribiwa usoni kwa kiwango cha sehemu 3 katika milioni. Sodiamu hailuroneti, ambayo kazi yake ni kushika maji na kuifanya ngozi ionekane imejaa kwa muda, haihitaji kufika asilimia 1, kwani ikizidi huifanya seramu kuwa nzito na ya kunata. Niasinamidi ni habari nyingine kabisa. Majaribio yake mengi yanayohusu mikunjo midogo na madoa yalitumia asilimia 2 hadi 5, kwa hiyo mkiikuta chini ya fenoksiethanoli mnaweza kuihesabu kuwa haipo. Katika seramu ya kwanza imeshika nafasi ya tatu, juu ya propanedioli, na hiyo ni dalili njema.

Bado tuko kwenye hatua ya tatu, kwa sababu mbali na kiasi, lazima tutazame umbo la kiambato. Lebo zote mbili zingeweza kuandikwa kwa haki kabisa kwamba zina vitamini A, lakini zinazungumzia vitu viwili tofauti. Ngozi hutumia vitamini A ikiwa katika umbo la asidi ya retinoiki. Retinoli hubadilishwa mara mbili ili kufikia umbo hilo: kwanza kuwa retinali, kisha kuwa asidi. Retinili palmiteti iliyomo katika seramu ya pili lazima kwanza igeuzwe kuwa retinoli, ndipo ianze safari hiyohiyo, na katika kila hatua sehemu yake hupotea. Kwa hiyo, kwa kiasi kilekile, retinoli ina nguvu zaidi, ingawa pia ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwasha na kubabua ngozi.

Vitamini C nayo ina maumbo kadhaa. Umbo lililochunguzwa zaidi ni asidi askobiki halisi, ambayo huhitaji mazingira yenye uchachu wa pH chini ya 3.5 (katika kipimo hiki, namba ikishuka uchachu huongezeka) ili ipenye ngozi vizuri, na ambayo huharibika upesi ikikutana na hewa na mwanga. Sodiamu askobili fosfeti ni tulivu zaidi na ni laini kwa ngozi, ila ushahidi wake kuhusu makunyanzi ni haba ukilinganishwa na ule wa asidi yenyewe.

Hatua ya nne ni kuzipima asilimia zilizoandikwa upande wa mbele. Seramu yetu ya pili inajinadi kuwa na asilimia 10 ya mchanganyiko wa peptidi. Neno la kuangalia hapo ni mchanganyiko. Kiwanda hununua peptidi ikiwa tayari imeyeyushwa katika maji na gliserini, na hiyo asilimia 10 ni ya kimiminika chote, si ya peptidi yenyewe. Orodha inalithibitisha hilo, maana peptidi imeandikwa baada ya fenoksiethanoli na kwa hiyo haiwezi kufika asilimia 10. Peptidi hiyo inaweza kuwa inatosha kwa kazi yake, kama tulivyoona, lakini tarakimu kubwa ya mbele haituambii lolote kuhusu jambo hilo.

Hatua ya tano ni kutafuta viambato vinavyoweza kuudhi ngozi. Katika seramu ya pili alkoholi ipo katika nafasi ya pili. Huifanya seramu iwe nyepesi na ikauke haraka, lakini mwenye ngozi kavu au nyepesi kudhurika anaweza kuona uwasho. Manukato, limonini na linaloli hayapunguzi kunyanzi hata moja, na ni miongoni mwa vyanzo vya kawaida vya mzio. Rangi ya manjano nayo, kwa maoni yangu, imewekwa ili seramu ionekane kuwa na vitamini C nyingi.

Hatua ya sita ni kutazama chombo. Retinoli huharibiwa na mwanga, hewa na joto, hivyo chupa isiyopitisha mwanga na yenye pampu ni bora kuliko chupa angavu ya kudondoshea. Tafuteni pia alama ya kopo lililo wazi lenye tarakimu na herufi M: 6M maana yake ni itumike ndani ya miezi 6 tangu kufunguliwa. Mkimaliza hapo, gawanyeni bei kwa idadi ya mililita ili mlinganishe gharama kwa haki.

Kwa mtu ambaye lengo lake ni makunyanzi na ambaye ngozi yake inastahimili, mimi ningechagua seramu ya kwanza. Mjamzito asichague yoyote kati ya hizi mbili bila kumwuliza daktari, kwa kuwa madaktari hushauri vitamini A ya kupaka iepukwe wakati wa ujauzito kwa tahadhari, na seramu ya pili, licha ya kutangaza vitamini C na peptidi tu, imebeba retinili palmiteti karibu na mwisho wa orodha.

Mkishachagua, pakeni kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko kwa siku chache mfululizo kabla ya kupaka usoni. Seramu ya retinoli ianzeni kwa usiku 2 kwa wiki, na kila asubuhi pakeni kinga ya jua yenye SPF 30 au zaidi. Piga picha ya uso wako kabla ya kuanza, kisha nyingine baada ya wiki 12 mahali palepale na katika mwanga uleule, kwa maana kabla ya hapo unachokiona kwenye kioo huwa zaidi ni unyevu wa ngozi kuliko kupungua kwa makunyanzi.