Nani Alilipia Kaburi Hili?

Mabibi na mabwana, karibuni.

Wengi wetu tukiingia kwenye makaburi ya kale tunaanza kusoma majina. Leo nawaomba muanze na swali jingine: nani alilipia? Kaburi la fahari ni kauli ya walio hai kwa walio hai wenzao, na ukilitazama hivyo mengi yanafunguka.

Chukueni makaburi ya Père-Lachaise, Paris. Katikati ya mji makaburi yalikuwa yamefurika. Yale ya Les Innocents yalifungwa mwaka 1780, baada ya uzito wa maiti waliorundikwa kubomoa ukuta wa chumba cha chini cha nyumba jirani. Père-Lachaise yalipofunguliwa mwaka 1804, nje ya mji, watu hawakuyachangamkia. Mwaka 1817 yakahamishiwa huko mabaki yaliyosadikiwa kuwa ya waandishi Molière na La Fontaine, pamoja na ya wapenzi wawili mashuhuri, Abelard na Héloïse. Wenye nacho wakaanza kutaka kulala jirani na majina hayo.

Viwanja viliuzwa kwa umiliki wa kudumu, na juu yake vikasimama vijumba vya mawe vyenye milango ya chuma na vioo vya rangi. Tazameni juu ya mlango: mara nyingi limechongwa jina la ukoo, maana jengo liliwangoja hata wasiozaliwa. Maskini walizikwa kwa miaka michache tu, kisha ardhi ikatumika tena. Kwa hiyo mnapotembea pale, kumbukeni kwamba mnaona waliomudu. Hilo linaniuma kila ninapolisema, na sidhani ni haki kulipita kimya.

London nako, makaburi ya Highgate yalifunguliwa mwaka 1839 na kampuni iliyotafuta faida. Njia yake maarufu ilijengwa kwa mtindo wa Misri ya kale, uliokuwa ukipendwa sana wakati huo, na vyumba vya kuzikia vikapangwa pande zote mbili.

Alama nazo zina lugha yake. Nguzo iliyokatika katikati haikuvunjwa na dhoruba. Fundi aliichonga hivyo kuonesha maisha yaliyokatizwa mapema. Mwenge uliopinduliwa ni uhai uliozimika. Mwanakondoo, aghalabu, ni kaburi la mtoto.

Maandishi yakififia, msiyasugue kwa brashi ya waya wala kuyapaka chaki. Marumaru huliwa na mvua yenye asidi, na kila msuguo huondoa kilichosalia. Chukueni kioo, mrushe mwanga wa jua kutoka ubavuni. Herufi zitajaa kivuli na kusomeka.

Sasa sogeeni karibu zaidi, mkague maungio ya mawe. Mafundi wengi wa karne ya 19 waliyafunga mawe kwa vibanio vya chuma vilivyofichwa ndani. Maji yakipenya, chuma hushika kutu, na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo jiwe hupasuliwa kutoka ndani. Dalili ni ufa karibu na ungio, na chini yake mchirizi wa rangi ya kahawia. Jengo linaweza kuonekana imara huku kona yake iko tayari kudondoka. Mkiona hivyo msiliegemee. Pigeni picha, mkamwoneshe msimamizi wa makaburi siku hiyohiyo.