IST imeingia maji ya mvua: usiguse starta

Hii Toyota IST imezimikia kwenye maji Jangwani, Dar es Salaam, mto Msimbazi ulipofurika, ikavutwa mpaka hapa gereji. Mwenyewe hakupiga starta tena, amefanya la maana sana. Maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa kwenye silinda, pistoni ikipanda inakwama na konrodi, mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, inapinda.

Betri, toa waya wa hasi. Boksi la ea klina hili… sogeza kamera, hawaoni. Mnaona filta inavyochuruzika? Maji yamepita njia ya hewa, kwa hiyo plagi lazima zitoke. Chomoa stiki ya kupimia oili: oili ina rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji.

Koili nne zinazokaa juu ya plagi, bolti namba 10. Klipu zimekauka kwa joto, bonyeza taratibu. Hii ya tatu inagoma, subirini… haya, imetoka. Puliza mashimo kwa kompresa kabla ya kulegeza plagi, mchanga usidondokee ndani. Spana ya soketi ya plagi ni ya 16.

Chomoa na soketi za waya za nozeli, tusirushe petroli. Rudisha betri. Sasa starta, sekunde chache tu, na uso usiwe juu ya matundu! Mnaona maji yanavyoruka? Rudia mpaka itoke hewa tupu.

Sasa mwaga oili, nati namba 14. Maji ni mazito kuliko oili, ndiyo maana yametangulia kutoka. Wengine husafisha injini kwa dizeli. Mimi sikubali, natumia oili mpya. Injini hii ya 1NZ inakula lita 3.7 pamoja na filta. Zote ninazo dukani.

Kurudisha plagi: anza kwa vidole. Silinda hedi ni aluminiamu, ukianza na spana plagi ikaingia upande, nyuzi zimekwisha. Kwa vidole mpaka ikae, ndipo ukaze. Hata ya nne, ambayo mkono haufiki vizuri, izungushe na ekstensheni tupu, kwa vidole. Tafadhali.

Filta ya hewa mpya, koili na soketi zote za waya zirudi, washa. Moshi mweupe mwanzoni ni mvuke. Ukisikia inagonga, zima hapo hapo, konrodi imeshapinda. Hii imetulia. Iache silensa, ingurume bila kukanyaga mafuta, dakika kumi, kisha mwaga oili tena, weka nyingine na filta nyingine. Halafu angalia stiki ya gia boksi: oili ikiwa ya pinki iliyopauka, gari isitembee mpaka oili hiyo ibadilishwe.