Besiboli Ndani ya Excel: Mpe Mrushaji Jukumu na Pumzi

Haya wadau, karibuni tena, tupo Kirumba, Mwanza. Kwenye mchezo wetu wa besiboli tunaoujenga ndani ya Excel, leo tunawashughulikia warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Timu mnazo, wapigaji mnao, RAND, ile fomula ya namba za bahati nasibu, inawatolea matokeo. Fungua shiti mpya, iite Warushaji. Safu A jina, B jukumu, C pumzi, D uchovu wa jana, E mipira ya leo, F adhabu. Ukiona alama za reli ####, panua safu tu, twende.

Jukumu ni la aina tatu: Mwanzilishi, Kati, Mmaliziaji. Pumzi ni idadi ya mipira anayorusha kabla mkono haujalegea: mwanzilishi mpe 95, wa kati 35, mmaliziaji 25. Tafadhali usihesabu kwa iningi, yaani awamu ya mechi ambayo kila timu hupata zamu ya kupiga. Iningi moja inaisha kwa mipira 8, nyingine inakula 35, na auti, yaani wapigaji waliotolewa, ni tatu zilezile. Mbebaji wa pale Mwaloni humpimi kwa saa alizoshinda sokoni, unahesabu magunia ya dagaa yaliyopita mgongoni kwake.

Kwa hiyo kila mpigaji akimaliza zamu, E inaongezeka. Mpira ukipigwa, iwe hiti (amepiga na kufika besi salama) au auti, ongeza 3. Straikiauti, yaani ametolewa kwa straiki tatu, 5. Akipewa besi ya bure, yaani anakwenda besi ya kwanza bila kupiga kwa sababu ya mipira minne mibovu, 6.

Sasa F2. Tulia hapa. Andika =MAX(0,D2+E2-C2). Ile MAX na ile sifuri, usiziache! Ngoja, jua la dirishani linapiga kwenye kioo, hamwoni kitu. Nageuza laptopu... haya, sasa inasomeka. MAX, mabano, sifuri, koma.

Nazitoa makusudi muone. Mwanzilishi huyu hajarusha hata mpira mmoja, na F inaandika -95. Mchezo unasoma hasi kama zawadi, basi hakuna atakayemgusa huyu. Rudisha MAX. Kila mpira unaozidi pumzi unampa mpigaji asilimia 0.2 zaidi ya kupata hiti; mipira 10, asilimia 2.

Safu G ni uchovu wa kesho: =MAX(0,D2+E2-20). Na hapa pia MAX, narudia, na hapa pia! Usiku mmoja unaponya mipira 20. Siku ikiisha, nakili G, ibandike D kama namba tupu, kisha futa E. Ukifuta E kwanza, G inajihesabu upya na uchovu wa leo umepotea. Nakili kwanza. Futa baadaye.

Angalieni inavyokaa vizuri: mwanzilishi aliyerusha 95 anabaki na 75, 55, 35, 15, halafu sifuri. Anapumzika siku nne, anarudi siku ya tano, ndiyo maana timu za Marekani huzungusha waanzilishi watano. Mmaliziaji anayerusha 25 kila siku, siku ya tatu tayari amezidi kwa 10.

Kuna jambo jingine kwa mwanzilishi. Wapigaji wa timu hupokezana tisa, kwa hiyo mpigaji wa 19 ni yule wa kwanza anarudi mara ya tatu, mipira yake ameshaizoea. Kuanzia hapo mwongezee adhabu hata kama pumzi ipo.

Mmaliziaji mwite kwa =AND(iningi>=9,tofauti>=1,tofauti<=3), hizo "iningi" na "tofauti" (pointi mnazoongoza) weka visanduku vyako. Ndiyo hali ya kawaida ya kupata sevu, hesabu anayopewa mmaliziaji akilinda ushindi hadi mwisho, na kwa kazi hiyo Mariano Rivera, mmaliziaji wa zamani wa New York Yankees, alifikisha sevu 652. Mimi binafsi iningi naiweka 8, kwa sababu hatari haisubiri ya tisa. Mechi ya New York ikianza saa moja jioni kwao, kwetu ni saa nane usiku, na nakesha hasa kwa ajili ya hizo iningi za mwisho.

Msisahau kufuli: tangu 2020 ligi kuu ya Marekani inamtaka mrushaji akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya iningi ndipo abadilishwe. Safu H hesabu wapigaji. Ikiwa chini ya 3, usimtoe.

Tujaribu. Iningi ya saba, mwanzilishi yupo 93, tunaongoza kwa mbili. Besi ya bure: 99, F inasoma 4. Hiti: 102, F ni 7. Watu wawili besini, wa kati wangu D yake ni 15, pumzi iliyobaki ni 20. Namtoa mwanzilishi, namwingiza huyu. Faili lipo kwenye maelezo hapo chini, pakueni, na kabla ya kucheza kagueni MAX zote mbili.