Siku ya familia kwenye maji, nani yuko zamu?

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na wakubwa zangu wote shikamooni. Nawashukuru viongozi wa kikundi chetu cha wazazi kwa kunipa hii nafasi, najua joto ni kali na shule zinafungwa wiki ijayo na kila mtu ana mambo yake kichwani, ila mimi ndo niliyeomba tuongee leo na sio mwezi ujao, kwa sababu wiki ijayo hiyohiyo watoto wanaanza, mama twende swimming, baba tupeleke swimming, na wengi wetu tutawapeleka. Na muwapeleke jamani. Nafundisha watoto kuogelea huu mwaka wa tisa, siwezi kusimama hapa nikawaambia msiwapeleke.

Ile siku ni tamu sana. Mnaijua. Sikukuu ya Idd au Krismasi ukipita Kunduchi kuelekea pale Wet 'n' Wild, kwenye mabwawa na slaidi za maji, unaona familia nzima imejibana kwenye gari moja, hotpoti la pilau liko miguuni kwa shangazi, mkeka, taulo, dumu la juisi, na mtoto kashavaa miwani ya kuogelea tangu gari liko Mwenge. Halafu baba ambaye wiki nzima hajacheka anapanda juu ya slaidi, anateremka anapiga kelele kuliko watoto, na wale watoto wanamsubiri huku chini wanacheka mpaka wanakaa. Mimi nikiiona hiyo nafurahi moyoni kabisa, kwa sababu hela unaweza ukatafuta tena ila ule umri wa mtoto haurudi.

Sasa kuna kitu nimekiwaza muda mrefu. Bibi yangu ni mtu wa Pangani. Yeye bahari aliijua, alijua kupwa na kujaa, alijua mahali gani mkondo unavuta, na sisi wajukuu tulikatazwa kabisa kukanyaga maji kama hayupo mtu mzima ambaye jina lake limetajwa. Lile ni jambo la vizazi na vizazi. Lakini hizi sehemu za slaidi na mabwawa ya mawimbi ni kitu cha juzi tu, hata huko Marekani ile Wet 'n Wild ya Orlando ambayo watu wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ilifunguliwa 1977. Bibi hakuzikuta. Kwa hiyo hakuna mwiko wowote aliotuachia kuhusu bwawa lenye vigae vya bluu, na sisi tukishalipa kiingilio tukaona maji masafi na kijana amekaa pale na filimbi, tunajisikia kama tumefika mahali ambapo mtoto anaangaliwa. Hapo ndo tunapokosea, na mimi nimekosea kabla yenu.

Miaka 10 iliyopita, Idd pili, tulikwenda bwawa moja, jina silitaji. Watu wazima 11, watoto 9. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 5, amesimama sehemu ya kina kifupi, maji yamemfika kifuani. Mimi napakua chakula, nikanyanyua kichwa nimuite aje achukue sambusa. Nikamuona. Amesogea kidogo tu mahali ambapo sakafu inaanza kushuka, uso ameuelekeza juu, mdomo unafunguka na kufunga pale pale usawa wa maji, mikono ameitanua pembeni anayabonyeza maji kuelekea chini kama mtu anayejaribu kupanda ngazi. Hakuna kelele. Hakuna maji kuruka. Mimi nikatabasamu jamani, nikadhani anacheza! Wajomba zake wawili wako ndani ya maji hayohayo, kama hatua tatu kutoka alipo, wanaongea mambo ya mpira. Aliyemtoa ni binti wa miaka kama 12 hivi, wala hatumjui, alipita akamshika kwapani akamnyanyua, yule mtoto akatapika maji, ndo akalia. Mpaka leo nikisikia mtoto analia bwawani mimi nashukuru, maana anayelia anapumua.

Dada yangu akauliza swali moja tu, nani alikuwa anamwangalia? Watu 11 kimya. Kila mtu alijua kuna mtu. Mimi nilijua wajomba wako majini, wajomba walijua mama yupo, mama alijua mimi nipo upande ule wa chakula. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, nilikuwa nausikia tangu darasa la tatu ila siku ile ndo niliuelewa.

Baadaye nilipoanza kujifunza kazi hii nikakuta kile nilichokiona kilishaelezwa zamani. Kuna mwokoaji mmoja wa Marekani anaitwa Frank Pia, alifanya kazi miaka mingi ufukwe wa Orchard Beach kule Bronx, New York, akawarekodi kwenye filamu watu wanaozama kwelikweli. Akaona mtu anayezama hapungi mkono na wala haiti, kwa sababu sauti inahitaji pumzi, na pumzi yenyewe ndo hana. Mikono nayo haiwezi kupunga kwa sababu mwili wenyewe unailazimisha kubonyeza maji ili mdomo utoke juu. Mwili unasimama wima, miguu haipigi. Na hali hiyo inachukua sekunde 20 mpaka 60 halafu anakwenda chini. Sekunde 20, mzazi mwenzangu, ni muda wa kusoma meseji moja na kuijibu sawa. Kwa hiyo ukimwona mtoto wako katulia ghafla, yuko wima, anaangalia juu, muite jina. Akijibu, vizuri. Asipojibu, usimalize sentensi uliyokuwa unaongea, ingia.

Shirika la Afya Duniani limehesabu watu kama 300,000 waliokufa maji mwaka 2021 dunia nzima, yani zaidi ya 30 kila saa, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Wengi mno wako nchi kama zetu. Sio wote mabwawani, wengi ni mito, maziwa, visima, madimbwi ya nyumbani, lakini mtoto anazama vilevile, kimya.

Sasa nyumbani kwetu tulifanya nini. Tulinunua kofia. Hii hapa, nimekuja nayo, kofia ya ukindu ina utepe mwekundu ili ionekane hata kwa mbali. Aliyeivaa yuko zamu. Hali chakula, hashiki simu, hapigi picha, hasuki mtu nywele, hata akisalimiwa na mtu mkubwa anajibu huku macho yakiwa majini, na hilo kwetu lilileta shida mwanzoni, mama yangu mkubwa alikasirika kwamba kijana anamwamkia bila kumtazama, tukamweleza akaelewa, sasa hivi yeye ndo mkali kuliko wote. Zamu ni dakika 20, kwa sababu baada ya hapo macho yanachoka, unaangalia lakini huoni. Na kukabidhi kuna utaratibu wake, kama manesi wanavyokabidhiana wodi. Naivua kofia nasema, shemeji, watoto 9, nihesabie. Shemeji anahesabu vichwa kwa sauti mpaka 9 vinatimia, ndo anaivaa. Kama amehesabu 8, hakuna anayeondoka mpaka wa tisa apatikane, hata kama yuko chooni. Na kwa wale wa chini ya miaka 5 mtu wa kofia peke yake hatoshi, lazima awepo mtu nao ndani ya maji, umbali wa kumfikia kwa mkono.

Mtaniambia waokoaji si wapo? Wapo, na wengi wanafanya kazi nzuri, nawaheshimu. Lakini yule kijana ana vichwa 200 sikukuu, na muda mwingi anazuia watoto wasikimbie kwenye vigae. Yeye ni wa pili, wa kwanza ni wewe.

Maboya ya kupuliza naomba niyaseme kwa sababu yananiumiza. Lile duara lenye kichwa cha bata linauzwa barabarani, ni mwanasesere, sio kifaa cha kuokoa maisha. Mtoto akiinama kuchukua kitu linageuka, miguu inabaki juu kichwa kiko chini, na duara lilelile linamzuia kugeuka. Kama hajui kuogelea mvalishe jaketi la kuokolea linalofungwa kwa mikanda na linalomtosha, halafu bado mwangalie.

Slaidi. Pale juu pampu inapandisha maji, yanateremka kama utando mwembamba kati ya mgongo na plastiki, ndo maana unakwenda kasi hivo. Lala chali, miguu ikunje mmoja juu ya mwenzake, mikono kifuani, mmoja mmoja. Na mkishikilia kamera juu kule mtoto anapoondoka, shukeni, hatari iko chini. Mtoto anatoka kwenye lile bomba kizunguzungu, maji puani, hajui juu wapi chini wapi, na nyuma anakuja mwenzake. Mwenye kofia anakaa huku chini slaidi inapoishia. Na tafadhali msigombane na kijana wa slaidi akimpima mtoto akasema hajafika kimo, nimeona wazazi wanafoka tumelipa, tumelipa. Mwacheni afanye kazi yake.

Macho mekundu kwa kifupi, watu wanasema ni dawa nyingi. Mara nyingi ni mkojo na jasho letu vimeungana na klorini. Kwa hiyo bafu kwanza, choo kwanza, na mtoto anayeharisha abaki nyumbani, maana kuna vijidudu vinakaa siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini.

Na ikitokea mtu anazama, Mungu aepushe. Usiruke kama hujui kuogelea, mrushie kitu kinachoelea, mnyooshee mti, taulo, chochote. Akishatoka msimning'inize kichwa chini, msimbonyeze tumbo, mnapoteza muda. Kama hapumui anahitaji pumzi kwanza, mdomo kwa mdomo, halafu kumbonyeza kifua, huku mwingine anapiga 112 au 114 ya Zimamoto. Hili la pumzi sitalimaliza kwa maneno, Jumamosi nakuja na mdoli wa mazoezi tufanye kwa mikono, njooni na wasichana wa kazi, maana wao ndo wanakaa na watoto kutwa.

Yule mtoto wa dada yangu sasa ana miaka 15, anaogelea kunishinda. Mwaka jana kwa mara ya kwanza tulimpa kofia. Alihesabu vichwa mara mbili.

Haya, naona mkono kule nyuma, mama mwenye kitenge cha kijani, karibu uulize. Na kofia mkishaiangalia naomba irudi huku mbele, Jumapili tuna safari.