Kijana Ndiye Mwenye Wino

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na vijana, hamjambo.

Tukitajiwa ujana na uzee katika ushairi, wengi tunatarajia ugomvi. Mwaka 1599 huko Uingereza lilichapwa shairi, ndani ya diwani iliyobandikwa jina la Shakespeare, linaloanza kwa kudai kwamba uzee na ujana haviwezi kukaa pamoja. Kisha ni kumsifu kijana na kumkataa mzee hadi mwisho.

Sasa msikilizeni mshairi Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake kama wasia, mwaka 1858:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Mama yu mgonjwa, maradhi yametimiza mwaka, na jambo la kwanza analotaka ni binti asogee. Punde anamwambia akae mbele yake na wino na karatasi. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote katika utendi huu. Mama ana maneno, mwili umechoka. Binti ana mkono mzima, na umri wake ni mchache. Bila mmoja wao, wasia usingetufikia.

Lakini yapo yanayoniuma. Beti mia na zaidi zinapita, dini, adabu, mume, nyumba, na binti hajibu hata neno moja. Ushairi wetu ulizoea hivyo kwa muda mrefu: mzee anausia, kijana anapokea.

Aliyejibu alizaliwa ng'ambo ya hapa Mwanza, Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na watetezi wa kanuni wakasema huo si ushairi. Tunapenda kusimulia kisa hicho kama vijana kuwashinda wazee. Mimi sikubali. Diwani yake *Dhifa* ilitoka mwaka 2008, mtunzi keshapita miaka sitini, naye bado akiandika kwa mtindo uleule. Waliomsoma wakiwa wanafunzi miaka ile sasa ni wastaafu, wengine wamo humu ukumbini. Shairi huru limeota mvi pamoja nao.

Na vina je? Vipo kwa vijana wanaochana mistari, hapahapa Mwanza alikotoka msanii wa hip hop Fid Q. Kijana anakesha akitafuta neno moja tu la kufungia mstari, na likigoma anaufuta wote na kuanza upya. Ukimwambia vina ni mambo ya wazee, atakushangaa.